Mgono wa Mama Kwenye Makumbusho ya Bahari

Kando ya barabara kuu ya Mombasa, pale Kiboko, kuna makumbusho ya bahari. Sitanii. Bahari yenyewe haipo. Kuna vumbi, kuna malori, kuna kituo cha utafiti ambako wataalamu wa kilimo huhangaika na mbegu zinazostahimili ukame, na ukitaka kuona wimbi la kweli itakubidi ukae kwenye gari saa tano nzima. Lakini bwana mmoja aliyefanya kazi bandarini miaka mingi, kazi ya ofisini, alistaafu akajenga hoteli ya chai na chapati, na nyuma ya hoteli akajenga chumba kirefu akakipaka rangi ya samawati. Mlangoni akaandika kwamba humo ndani umehifadhiwa urithi wa uvuvi wa taifa.

Mimi nimefundisha shule ya msingi Kathonzweni tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu, na mazoea ya kueleza mambo polepole hayajanitoka. Kwa hiyo nitaeleza polepole kwa nini nakidharau chumba kile. Dharau isiyo na sababu ni ujinga tu, na mimi sababu ninayo.

Mama yangu amepita miaka themanini. Anakaa Kanyangi, upande wa Kitui, kwenye boma lile lile alikoolewa, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Mto Athi. Alipokuwa na nguvu alivua samaki. Leo nalisema wazi, lakini nilipokuwa mtoto sikuruhusiwa. Wakati huo, pale kwetu, samaki hakuwa chakula. Alikuwa nyoka aliyehamia majini. Mtu aliyekula samaki alinuka, walisema, hata akioga mara mbili, na hasa akila mkunga, yule samaki mrefu wa matopeni ambaye nakiri kwamba kwa kweli anafanana na nyoka. Shuleni dawati letu lilikuwa na nafasi tele, maana hakuna aliyetaka kukaa nasi. Waliziba pua tukipita. "Wala nyoka hao!" walisema, huku matumbo yao wenyewe yakinguruma, kwa sababu ulikuwa mwaka wa mahindi ya njano ya msaada, na mahindi yenyewe yalikuja yakakoma. Sisi tulikuwa tumeshiba. Watoto wenye njaa waliwacheka watoto walioshiba, na wazazi wao wakawasaidia kucheka.

Mama hakuvua kwa ndoana. Alisuka mgono. Kwa asiyeujua, mgono ni mtego wa fito. Fikiria chupa kubwa, urefu wake kama wa mtoto wa darasa la tatu, halafu fikiria chupa hiyo imesukwa kwa fito nyembamba na kamba za mkonge. Mdomo wake ni mpana. Ndani ya mdomo huo husukwa mdomo wa pili, mdogo, unaochongoka kuelekea ndani, na ncha za fito zake huchongwa zikaachwa huru bila kufungwa. Huo mama aliuita koo. Samaki akiingia, ncha hufunguka kidogo zikampisha. Akitaka kutoka, anakutana na ncha zile zile zikimwelekea usoni. Fito za nje mtu yeyote anaweza kuzisuka, hata mimi nilisuka. Koo alisuka mama peke yake, na akilisuka hakutaka kusemeshwa. Mto ulipoanza kujaa aliutega mgono kwenye pengo kati ya mawe, mdomo ukitazama maji yanakokwenda, kwa kuwa kambare hupanda mto wakati wa mafuriko. Aliukandamiza kwa jiwe, akaenda zake, akaurudia alfajiri kabla ya watu kwenda kuteka maji.

Sasa, mwaka jana wakati wa kiangazi, yule bwana wa Kiboko alifika Kanyangi akitafuta vitu vya kale. Mtu alimwelekeza kwa mama. Mgono wa mwisho ulikuwa umening'inia jikoni, mweusi kwa moshi, haujaona maji tangu macho ya mama yalipoanza kuingia ukungu. Bwana yule aliusifu sana. Aliahidi kwamba utaandikwa ulikotoka na aliyeusuka, ili kila mtu ajue. Mama akampa mgono, na juu yake akampa kuku.

Jumapili iliyofuata mama alisimama kanisani wakati wa ushuhuda. Kanisa lake ni la mabati, la watu waliookoka, na ushuhuda wa pale kwa kawaida ni wa ugonjwa uliopona au mtoto aliyepita mtihani. Mama alisema, "Kitu nilichokificha tangu nilipokuwa bibi harusi, Mungu amekiweka mahali ambapo watu wanasimamisha magari kukiona." Akaeleza habari za mgono na mto. Wazee waliojua yote wakatazama viatu vyao. Mwenyekiti wa akina mama, mwanamke wa makamo aliyeolewa huku kutoka mjini, alisema kwa upole unaokera kuliko matusi kwamba hajawahi kusikia mtu wa Kanyangi akivua samaki, lakini Bwana asifiwe, akina mama watakodi basi wakajionee. Siku ikapangwa.

Ndipo mama akanipigia simu. Yeye hakusoma, na hata angesoma, macho hayangemruhusu.

"Watu hao wanakwenda kusoma kilichoandikwa," aliniambia. "Wakikosa jina la Kanyangi pale, mimi ni mzee mwongo. Nitakaa wapi kanisani? Nipeleke unisomee kabla yao."

Nilimchukua kwa gari langu dogo siku ya Jumanne, wiki mbili kabla ya safari ya basi.

Tulipokelewa na msichana mwenye fulana ya mistari kama baharia. Alikuwa amesomea utalii, na alikuwa na sauti nzuri, na nilimpenda tangu mwanzo, jambo ambalo lilifanya dharau yangu iwe ngumu kidogo kuipanga.

"Karibuni sana baharini!" alisema. "Susu, chunga hapo kuna ngazi." Susu ndivyo tunavyowaita bibi zetu huku.

Kipaza sauti pembeni kilikuwa kikipiga mawimbi. Feni ilikuwa ikipuliza upepo wa bahari.

"Bahari iko wapi?" mama akauliza.

"Si unaisikia, susu?"

"Nasikia redio."

Sakafuni walikuwa wamemwaga mchanga uwe ufuo. Mchanga wenyewe ulitoka mto wa jirani, mwekundu, na mbegu moja ya mgunga ilikuwa imeota ndani yake kwa furaha. Palikuwa na nanga iliyoandikwa kwamba ni ya kale mno, na alama za kuchomelea bado ziking'aa kwenye viungo. Palikuwa na papa wa plastiki, wa aina ile watoto wanaelea nayo. Palikuwa na simbi kwenye sahani, na mojawapo ilichorwa maneno "Karibu Malindi". Sina ugomvi na bahari. Nimeiona mara mbili na niliipenda. Wala sina ugomvi na mtu anayeikumbuka bahari akiwa Kiboko, maana kila mtu ana haki ya kukosa kitu. Lakini makumbusho yana kazi moja, kusema ukweli kuhusu kitu kilicho mbele yako, na chumba kile kilikuwa kinadanganya kuanzia sakafuni.

Msichana akaanza kukariri. "Wavuvi wetu wa kale walipambana na mawimbi makali—"

"Wavuvi wetu akina nani?" nikamuuliza, kwa sauti ile ya darasani, isiyomtisha mtu.

"Wetu wa... wa Kenya."

"Kwenu ni wapi?"

"Kathonzweni."

"Na kwenu Kathonzweni ni nani aliyepambana na mawimbi?"

Alicheka mpaka akaziba mdomo. "Mwalimu, sisi hata maji ya jerikeni tunapambana nayo."

"Vizuri. Sasa hilo ni jambo la kweli. Endelea."

Mwisho wa chumba, juu ya meza yenye kitabu cha wageni, mgono wa mama ulikuwa umening'inizwa darini, mdomo ukitazama chini. Uliwaka. Ndani yake mlikuwa na balbu, na mwanga ulipita kati ya fito ukachora mistari kwenye kuta za samawati. Ulipendeza, sikatai. Chini yake palikuwa na kibandiko kilichochapishwa vizuri, na nilikisoma kwa macho kabla ya kufungua mdomo: "Dema. Mtego wa wavuvi wa Pwani. Kutoka kwa mwenye makumbusho."

"Tumefika?" mama akauliza. Alikuwa amenusa moshi wa jikoni kwake. "Soma."

Maishani mwangu nimewasomea watoto wengi, na wazazi wengi barua zao, na sikuwahi kumsomea mtu jambo ambalo halikuandikwa. Siku hiyo nilikaribia. Ningesema "Kanyangi" tu, neno moja, na mama angekwenda nyumbani akiimba. Halafu basi lingekuja.

Nikamsomea kama kilivyo.

"Rudia," alisema. Nikarudia.

"Pwani," akasema mama. "Mimi?"

Hapa itabidi nieleze tena. Dema ni mtego wa baharini. Ni mpana na bapa, hauna umbo la chupa hata kidogo, na hutoswa chini kwenye maji ya chumvi ukiwa na chambo ndani. Ni kitu cha heshima na wanaousuka ni mafundi. Lakini kuuita mgono dema ni sawa na kuiita pikipiki baiskeli kwa sababu zote zina magurudumu mawili, na mtu aliyekaa bandarini miaka yote ile alipaswa kulijua hilo, kama kweli aliwahi kuinua macho kutoka kwenye makaratasi yake.

Nilimwomba msichana amwite mwenyewe. Alikuja kutoka hotelini akiwa na kofia ya nahodha na unga mkononi.

"Karibuni wazazi! Mama, umependeza! Umeona kitu chetu kinavyong'aa?"

"Uliniahidi," mama alisema.

"Ni kweli, Mama, nilikuahidi. Lakini madam hapa amesoma, ataelewa. Msafiri anayekwenda Mombasa akisimama hapa, anataka bahari. Nikimwandikia Athi ataniuliza, Athi ndiyo nini?"

"Mwambie ni mto," nilisema.

"Mto! Mto uko na nini, madam? Mchanga."

"Na wewe ulikuja kuchukua nini Kanyangi? Mchanga?"

Hakukasirika. Watu kama yeye hawakasiriki, hupata wazo jipya. "Tena tukiangalia vizuri," alisema, "Athi si inaishia baharini? Basi huo ni uvuvi wa bahari, ila umeanzia mbali." Akatabasamu kama mtu aliyekula kete tatu kwa mpigo.

Nikamwambia kwamba kwa hesabu hiyo hata choo chake cha hoteli ni sehemu ya urithi wa bahari. Msichana akageukia ukutani.

"Kibandiko kilichapishwa Nairobi," alisema yule bwana, sasa akiwa baridi kidogo.

"Na mgono ulisukwa Kanyangi," mama alisema. "Akina mama wa kanisa wanakuja kuusoma. Basi zima."

"Basi?" Alishusha mkono wenye unga. "Basi la watu wangapi, Mama?"

"Litajaa."

"Na watakunywa chai?"

"Ni akina mama wa kanisa," nilimwambia. "Umewahi kuona wakikataa chai?"

Basi ikawa hivyo. Mto mzima, ambao dakika moja iliyopita haukuwa na kitu ila mchanga, ulipata samaki. Bwana yule akaagiza kalamu nene na kadi nyeupe. Alisema ukweli lazima uheshimiwe. Alisema yeye siku zote alikuwa na wasiwasi na lile neno dema. Nimekutana na waongo wengi, watoto kwa watu wazima, na ninaowaheshimu kidogo ni wale wanaoshikilia uongo wao angalau mpaka jioni.

"Kabla hujaandika," mama alisema, "niteremshie niushike."

Msichana alipanda kiti, akachomoa waya, akauteremsha mgono taratibu na kumwekea mama mapajani. Mama aliupapasa kuanzia mkiani. Vidole vyake vilizijua fito moja moja. Alitikisa kichwa pale alipokuta kamba iliyolegea, akapita tumboni, akafika mdomoni, akatia mkono. Mkono uliingia mpaka kwenye kiwiko. Akautoa. Akautia tena.

"Koo liko wapi?"

"Koo?" msichana akauliza.

"Zile fito za ndani?" alisema yule bwana. "Ah, zilizuia balbu, Mama. Fundi alizikata. Lakini umeona mwanga ulivyotoka safi?"

"Mkaziweka wapi?"

Alifikiri. "Nadhani tuliziwashia jiko."

Yule bwana akachuchumaa na kadi yake, kalamu ikiwa wazi. "Haya, Mama. Nakuandika vipi? Nipe majina yote."

"Usiandike."

"Nimekubali sasa, Mama. Nataka kuandika."

"Niache kama ulivyoandika. Andika Pwani." Alimkabidhi msichana mgono. "Mgono wangu ulishika kambare wa kilo mbili. Huu hauwezi kushika hata chura. Ukitia jina langu hapo, siku moja atapita mtu anayejua kazi hii, atatia mkono, atasema, yule mama wa Kanyangi alikuwa anasuka matundu ya kupitia."

Mimi ndiye niliyebishana naye, naona aibu kusema. Nilimwambia, "Mama, akina mama wanakuja. Jina likiwepo, yamekwisha."

"Hayajakwisha. Litakuwa jina langu kwenye taa."

Nilikaa na msichana dakika kumi zaidi. Nilimchorea koo nyuma ya karatasi ya hoteli, ncha zinavyoelekea, samaki anavyoingia. Alishika haraka. Alichora la kwake, akakosea, nikamwambia ajaribu tena, akapatia. Huenda atawaeleza wageni, huenda atafukuzwa kazi kwa kueleza. Yule bwana alikuwa amesharudi kwenye chapati.

Njiani nilimwambia mama kwamba tutasuka mwingine, nitamletea fito mwenyewe. Aliniinulia mikono yake, vidole vimepinda kwa baridi yabisi kama vya mtu aliyeshika kikombe. "Wewe utasuka nje," alisema. "Koo atasuka nani?"

Kwa hiyo Jumapili mama alisimama kanisani bila mgono na bila kibandiko. Nilikuwa nimekaa kando yake. Alisema kwa maneno machache, kama anavyosema siku zote.

"Niliwaambia niko makumbusho. Siko. Waliuharibu mgono na nimewaachia. Safari ivunjwe, msije mkaenda huko, mkasoma Pwani, mkaniuliza."

Mwenyekiti wa akina mama aliinuka na tabasamu lake. "Mama, hakuna anayekulaumu. Umri ukisonga, mtu huchanganya mambo."

"Sijachanganya. Nilivua samaki."

"Amina. Bwana asifiwe," alisema mwenyekiti, kwa namna mtu anavyofunika sufuria, akamgeukia pasta ili ibada iendelee. Niliwatazama wale wazee waliojua. Walikuwa wanne au watano, na kila mmoja alikuwa ameona kitu cha maana sana kwenye Biblia yake.

Halafu benchi la karibu na mlango lilikwaruza sakafu. Aliyeinuka alikuwa ajuza mmoja, jirani yetu wa zamani, ambaye aliolewa Kanyangi mwaka mmoja na mama. Namkumbuka vizuri kwa sababu watoto wake ndio waliokuwa wakiziba pua kwa mikono miwili.

"Alivua," alisema. "Mimi niliwala."

Watu wakageuka kwenye mabenchi.

"Aliniachia bakuli nyuma ya ua wangu. Mapema, watoto wakiwa wamelala. Mwaka ule wote wa mahindi ya njano, kila mto ulipojaa. Watoto niliwaambia ni nyama ya ndege." Alishika benchi la mbele yake. "Na tukikutana kisimani nilimwita mla nyoka, pamoja na wenzangu."

Najua nilipaswa kuguswa. Sikuguswa. Niliwaza lile dawati, na miaka yote ambayo mwanamke huyu alikaa nyuma ya mama kanisani humo humo, ameshiba, kimya, na ningependa kusema kwamba niliisamehe ile sura yake, lakini bado sijaisamehe. Mama ndiye aliyegeuka. Alielekeza uso upande sauti ilikotoka.

"Najua ulinicheka," alisema. "Na bakuli langu la mwisho hukulirudisha."

Mtu alicheka mbele, akajaribu kukohoa.

"Lilikuwa na ufa," ajuza akajibu.

"Lilikuwa zima."

"Lilikuwa na ufa ukingoni, nakumbuka."

"Ufa uliutia wewe, ukikwangua mchuzi."

Sasa walicheka wote, hata wale wa Biblia. Pasta alitangaza wimbo na hakuna aliyefungua kitabu. Mwenyekiti wa akina mama alikuwa bado amesimama katikati ya kanisa, tabasamu limemtoka, na kwa mara ya kwanza aliuliza kitu kama mtu anayetaka kujua.

"Walikuwa watamu?"

"Kambare, hivi hivi tu," alisema ajuza, akikaa. "Lakini mkunga, mwanangu! Mkunga!"